Sura ya Saba: Chupa ya Maji Kwanza

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka la vipuri pale Tarakea, nikisubiri Noah ya abiria ya kurudi Mkuu. Kijana mmoja, wakala wa forodha ninayemfahamu tangu akiwa mwanafunzi, akaja kukaa pembeni yangu. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Akatazama huku na huku, kisha akashusha sauti: "Mwalimu, nataka kununua bastola. Sina adui wala sina fedha nyingi za kulinda. Nataka ya kulengea shabaha tu, kujifurahisha siku za mapumziko. Ninunue ipi ya bei nafuu?"

Naelewa kwa nini alishusha sauti. Huku kwetu Rombo silaha haina sura ya mchezo. Ukiitaja, watu wanamfikiria askari wa wanyamapori anayehangaika na tembo walioshuka mashambani usiku, au jambazi wa barabarani, au gobore la mzee fulani ambalo hakuna ajuaye limefichwa wapi. Hata historia ya mlima wetu, Kilimanjaro, inaikumbuka bunduki kwa vita. Juni 1892 askari wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda Wajerumani na kumuua kiongozi wao, von Bülow. Miaka minane baadaye, Machi 1900, Wajerumani wakamnyonga Meli mwenyewe pamoja na wenzake. Mtoto aliyelelewa kwa simulizi hizo hawezi kuitazama bastola kama anavyoutazama mpira.

Hata hivyo, kulenga tunakujua tangu utotoni. Ulezi ukikaribia kukomaa kule tambarare, watoto hupelekwa kuwinga ndege, na mwenye manati au kombeo hajali jua wala njaa ilimradi kokoto iende alikoituma. Nilikuwa mmoja wao. Bila ulezi hakuna mbege, pombe yetu, kwa hiyo wazazi walituhesabu kuwa kazini, lakini sisi tulikuwa mchezoni. Ile raha ya kutuliza mwili mzima, kupumua taratibu, na kuona kitu kidogo kilicho mbali kikitii jicho na mkono wako, ndiyo aliyokuwa akiitafuta kijana huyu. Sikuona sababu ya kumcheka wala ya kumkaripia. Nilimwambia nitamjibu, ila bastola yenyewe nitaifikia mwisho.

Nilianza na risasi, kwa kuwa ndiyo inayomla mlengaji fedha, na ndiyo inayomfundisha au kumharibu.

Mara ya kwanza kupiga risasi nilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), miaka ya themanini, nimelala kifudifudi, bunduki ya vita begani. Mlio wa kwanza ulinipasua masikio, na kitako kikanigonga bega. Risasi ya pili nilifumba macho kabla ya kuvuta. Ya tatu pia. Mwili ulikuwa umeshajifunza kuogopa kabla akili haijajifunza kulenga, na ilinichukua muda mrefu sana kuuondoa mshtuko ule. Nimewaona watu wengi wenye ugonjwa huohuo: bastola inainama kidogo sekunde ile ya kuvuta, risasi inakwenda chini, na mtu anailaumu silaha. Anayeanza na risasi kubwa hujifunza kwanza kushtuka.

Risasi ndogo ya kaliba ya .22 ndiyo dawa yake. Katika risasi kubwa za kawaida, fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia baruti, hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22 hakuna kidonge. Dawa ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako, na pini ya bastola huugonga ukingo huo. Mtengeneza bunduki wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, ndiye aliyeanzisha njia hii mwaka 1845, kwa visilaha vidogo vya kulengea ndani ya nyumba. Kwa hiyo mzazi wa risasi hii alizaliwa kwa ajili ya mchezo. Smith & Wesson wa Marekani waliichukua fikra hiyo kwa bastola yao ya mwaka 1857, na mwaka 1887 likatoka umbo tunalolitumia hadi leo, .22 Long Rifle: kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi, kikienda mita 330 kwa sekunde au zaidi kidogo.

Kwa mkono wa mwanafunzi maana yake ni kwamba bastola haimrudi. Inatikisika kidogo tu, macho yanabaki wazi, na kosa linaonekana palepale kwenye karatasi. Kwa mfuko wake, maana yake ni kwamba risasi moja huko inakotengenezwa huuzwa karibu theluthi ya bei ya risasi ya milimita tisa, na mara nyingine chini ya hapo. Mtu anayepiga risasi 100 kwa mwezi hutumia 1,200 kwa mwaka. Tofauti ya bei kwa kila risasi ikizidishwa mara 1,200 huipita bei ya bastola yenyewe kwa miaka michache. Ndiyo maana mtu akiniuliza bastola ya bei nafuu, mimi humuuliza atapiga risasi ngapi. Bastola hununuliwa mara moja. Risasi hununuliwa kila mwezi.

Risasi hii ina udhaifu wake, nao lazima ujulikane kabla ya kuchagua chombo. Kwa kuwa pini hugonga ukingo, ganda lazima liwe jembamba, na dawa ikikosa kufika upande mmoja wa ukingo, risasi haiwaki. Kwenye risasi za bei ya chini hilo hutokea mara kwa mara. Ikitokea, usiifungue bastola papo hapo. Iache imeelekea shabahani, hesabu polepole hadi thelathini, ndipo utoe risasi. Pia risasi nyingi za .22 zina kichwa cha madini ya risasi tupu kilichopakwa nta, kwa hiyo zinachafua. Nta, masizi na chembe za risasi hujaa kwenye chemba na kuifanya bastola ikwame. Na kwa kuwa ganda lina ukingo uliojitokeza, risasi zikipangwa vibaya kwenye magazini ukingo mmoja hunaswa nyuma ya mwingine na hakuna kinachosonga. Mwenye gobore hasumbuki na hayo, kwani gobore halina magazini; lakini bastola ya kujipakia yenyewe inategemea kila kitu kiende kwa mpangilio.

Inajipakiaje? Baruti ikiwaka, nguvu inayosukuma kichwa cha risasi mbele husukuma pia ganda nyuma. Ganda linasukuma slaidi, slaidi inarudi ikilitupa ganda nje, springi inairudisha mbele, na ikiwa njiani inabeba risasi mpya. Katika bastola za .22 hakuna kufuli. Ni uzito wa slaidi na nguvu ya springi tu. Risasi ikiwa dhaifu mno, slaidi hairudi hadi mwisho. Hapa kuna siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi: bastola moja huipenda aina moja ya risasi na kuikataa nyingine, ingawa zote ni .22. Kabla ya kutoa fedha, uliza ni risasi ya aina gani ambayo duka huipata bila kukosa, kisha tafuta bastola inayoila hiyo. Anayefanya kinyume anajikuta na chombo kizuri kinachotaka chakula kisichopatikana Moshi wala Arusha.

Kijana alikuwa akiandika kwenye simu. "Sasa majina, mwalimu," akasema.

Bastola za .22 za kujipakia ziko za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa zile zilizoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kulenga. Mtutu wake hauchezi. Umekazwa kwenye mwili, na kinachokwenda mbele na nyuma ni kipande kidogo tu. Nishani, vile vidude viwili vya kulengea, hukaa vilevile baada ya kila mlio. John Browning aliibuni Colt Woodsman iliyotoka mwaka 1915, na kwa muda mrefu mtu wa kipato cha kawaida aliitazama kwa mbali. Kisha mwaka 1949 William Ruger na mwenzake Alexander Sturm, katika karakana ndogo huko Connecticut, walitoa bastola ya .22 kwa dola 37.50. Waliipunguzia gharama kwa kutengeneza mwili wake kwa nusu mbili za bati la chuma zilizochomelewa pamoja. Mlengaji wa kawaida akapata bastola sahihi kwa bei aliyoimudu. Kizazi chake cha sasa ni Ruger Mark IV, kilichotoka mwaka 2016. Browning Buck Mark, ya tangu mwaka 1985, ni ya ukoo huohuo. Huko Marekani hizi huanzia dola 400 na kitu. Nyingi ni nzito, kati ya gramu 800 na kilo moja, na uzito huo ndio utulivu wake.

Ukoo wa pili ni wa zile zinazofuata umbo la bastola za polisi: mwili wa plastiki ngumu, slaidi nyepesi, uzito wa nusu kilo hivi. Walther P22, Ruger SR22 ya mwaka 2012, Taurus TX22 ya mwaka 2019 kutoka kampuni ya Brazil, na Glock 44 zimo humo. Nyingine huuzwa karibu dola 300. TX22 inabeba risasi 16 na imesifiwa kwa kutokwama ovyo, jambo lisilo dogo kwa bei yake. P22 ina slaidi ya aloi ya zinki. Kwa mlengaji wa mara mojamoja si kosa, lakini kwa anayepiga maelfu ya risasi kwa mwaka, mimi ningeenda kwenye slaidi ya aluminiamu au chuma.

Kama angekuwa mwanangu, ningemshauri achukue ya ukoo wa kwanza hata ikibidi asubiri miezi sita kuongeza fedha. Bastola nyepesi ni rahisi kubeba, na mlengaji hahitaji kubeba. Anahitaji kitu kinachosimama. Isitoshe, iliyotumika ya ukoo huu hudumu vizazi, na duka lenye leseni likiwa nayo kuukuu, mara nyingi ndiyo nafuu ya kweli. Ila chunguza. Mark ya kwanza, ya pili na ya tatu ni sahihi sana lakini kuzifungua kwa usafi ni mateso. Mark IV hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Na ukikutana na Mark IV iliyotengenezwa kabla ya Juni 2017, hakikisha ilirekebishwa, kwa kuwa kiwanda kiliziita zote zirudishwe kutokana na hitilafu ya kizuizi cha usalama. Namba ya bastola ndiyo inayoonyesha.

Kisha kuna mkono wenyewe. Mshiko mnene kwa kiganja chembamba hukifanya kidole kivute triga kwa pembeni, na risasi huhama kushoto au kulia. Shika bastola tupu, iliyokaguliwa mbele yako, mtutu ukielekea mahali salama. Kidole kifike kwenye triga kwa kifundo chake cha mwisho bila kunyooka kama fimbo. Katika mashindano ya dunia ya bastola ya mita 25, triga hairuhusiwi kuwa nyepesi kuliko gramu 1,000. Nyingi za dukani ni nzito zaidi ya hapo, na si vibaya, ilimradi ivutike laini bila kukwaruza.

Mkono unafundishika kuliko tunavyodhani. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, alipoteza mkono wake wa kulia kwa bomu la mkono mwaka 1938, akiwa tayari mlengaji hodari wa bastola. Akajifunza upya kwa kushoto. Akachukua dhahabu ya Olimpiki London mwaka 1948, kisha tena Helsinki mwaka 1952, katika mchezo wa bastola ya kasi. Huwa namkumbuka kila mtu anaponiambia hawezi kulenga kwa sababu mkono unatetemeka.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo hakulitarajia: "Utapigia wapi?"

Akanyoosha kidole upande wa juu, kwenye shamba la familia yao. Nikamwomba alitazame vizuri. Mashamba yetu ni ya mteremko, migomba na kahawa vimefunga macho, nyumba ya jirani iko nyuma ya mgomba wa tano, na mama fulani yuko njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Risasi ndogo ya .22 iliyokosa shabaha inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Kutoka shambani kwao, kilomita moja na nusu kuelekea mashariki ni kuvuka mpaka hadi upande wa Illasit, Kenya. Hakuna kihamba, yaani shamba la nyumbani, hapa kwetu kinachofaa kuwa uwanja wa shabaha, hata kama ni chako na hati unayo. Panatakiwa tuta refu la udongo usio na mawe, nyuma yake pasiwe na njia, na mtu mwenye dhamana ya kusimamia. Viwanja vingi vya namna hiyo ni vya polisi na jeshi, navyo haviingiwi bila ruhusa. Anayetaka mchezo huu lazima aulizie uwanja kabla ya kuulizia bastola, na kwa mtu wa Tarakea hiyo ina maana ya safari ya Moshi au mbali zaidi, nauli na siku nzima. Gharama hiyo nayo aiingize kwenye hesabu.

Wenzetu wa Kenya wamejipanga kuliko sisi kwa hili. Kirigiti, Kiambu, raia wenye leseni wana uwanja wao, na mashindano ya IDPA, ya kupiga bastola kwa kanuni na saa, hufanyika hapo. Kijana aliposikia Kenya uso ulimng'aa, kwa kuwa Illasit kwake ni hatua chache. Anavuka kila siku na nyaraka za watu wa mahindi na maharage. Nikamkatiza mapema. Gunia la maharage na silaha havivuki mpaka kwa njia moja. Kuvuka na bastola, hata tupu, hata ya mchezo, bila kibali cha nchi zote mbili ni kosa la jinai, na haijalishi afisa wa zamu ni rafiki yako.

Kwa upande wetu inatawala Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu na mwenendo safi, na aonyeshe kwamba anajua kuitumia na ana pa kuihifadhi. Maombi yanaanzia chini, kwa viongozi wanaokujua, yanapitia kamati za ulinzi na usalama na polisi wa wilaya kabla ya kupanda juu. Andika sababu yako ya kweli. Eleza pia kwamba unaomba bastola: Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mshirika, inazitaka nchi zipige marufuku raia kumiliki bunduki za kivita za kujipakia, na hutaki ombi lako lichanganywe na hizo. Sefu ya chuma iliyofungwa ukutani si pambo; risasi zikae kwenye sefu yake, bastola kwenye yake, na ufunguo usikae mahali mtoto anapajua. Nyumba zetu zina watoto wengi, wa kwetu na wa majirani. Hili ndilo sharti ambalo mimi binafsi nisingemwachia mtu hata nusu yake.

Akakaa kimya. Nikajua hesabu imekuwa nzito kuliko alivyodhani: sefu, vikinga masikio (mlio wa .22 ya bastola unapita desibeli 140, usidanganywe na udogo wake), miwani, nauli, risasi, leseni, na ndipo bastola. Nikamtajia mlango mwingine. Bastola ya upepo ya milimita 4.5, ya kupigia mita 10, inatumia chembe ya risasi ambayo ni rahisi mno, haihitaji tuta la udongo, na ni mchezo kamili wa Olimpiki. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5 tu, dogo kuliko kitufe cha koti. Yule Mturuki ambaye picha yake ilizunguka kwenye simu za watu wote mwaka 2024, Yusuf Dikeç, mkono mmoja mfukoni, alipata medali ya fedha Paris kwa bastola ya namna hiyo akiwa na mwenzake wa kike. Nayo pia, kabla ya kuiagiza, peleka swali polisi. Forodha hawataangalia kama inatumia upepo. Wataangalia kama inafanana na bastola, na wewe ni wakala, unalijua hilo kuliko mimi.

Kisha nikamnunulia chupa ya maji ya nusu lita dukani, ikiwa bado imejaa, nikamwonyesha msumari ukutani kwa macho: "Ule pale, kichwa chake." Nikamwambia asimame kiubavu, mguu mmoja mbele kidogo, anyooshe mkono mmoja na chupa, aangalie kichwa cha msumari juu ya kifuniko, asipumue kwa nguvu, ahesabu. Nusu lita ni uzito wa TX22. Lita moja ni uzito wa Mark IV yenye mtutu mnene. Katika hatua ya kasi ya mita 25 mkono huinuka na kupiga ndani ya sekunde 3, kisha hushuka kwa sekunde 7, mara tano mfululizo. Katika hatua ya utulivu mtu ana dakika 5 za risasi 5, na mkono hupanda na kushuka mara nyingi kabla ya kukubali kupiga. Chupa inafundisha yote mawili, na haihitaji leseni.

Sekunde ya tisa kifuniko kilianza kuzunguka. Ya kumi na nne akashusha mkono, akausugua.

Noah ikafika. Wiki tatu baadaye alinitumia ujumbe kwamba nusu lita ameshaizoea, dakika nzima bila kucheza, na amehamia lita moja. Bega linamuuma upande wa nyuma, je ni kawaida? Nilimjibu kwamba ni kawaida, apumzike siku mbili, na asibadilishe mkono.